Matairi ya Mwalimu Chaula

Kisa hiki nilikisikia msibani, na tangu siku ile kimenikaa kooni. Nakutumia na wewe. Ukimaliza kukisoma, mtumie mtu yeyote anayeuza kitu, hata kama anauza vitumbua.

Pale Makambako kulikuwa na fundi wa pikipiki aitwaye Obedi Nyalusi. Kazi aliijua, hilo hata wabaya wake walikiri. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kuvumilia mteja aondoke gereji kwake akanunue kwa mwingine.

Mteja wake mmoja alikuwa Mwalimu Chaula, mstaafu, aliyemfundisha hesabu darasa la tano. Mwalimu alikuwa na pikipiki kubwa ya zamani, aliyoachiwa na daktari wa misheni alipohama. Haikuwa ya kubebea magunia. Iliundwa kwa ajili ya lami na masafa marefu, na tairi lake la nyuma lilikuwa pana karibu sawa na la gari dogo. Umri wake ulikuwa umepita miaka ishirini na mitano, lakini ikiunguruma mtaa mzima ulijua Mwalimu anatoka.

Ikafika siku matairi yakaisha, yakabaki vipara. Mwalimu akaenda kwa Obedi kuuliza afunge yapi.

Obedi alimshauri vizuri mwanzoni. Alimwambia saizi ile haipatikani madukani pale, inabidi kuagiza Dar es Salaam na kungoja wiki tatu. Mwalimu aliuliza kama hawezi kufunga yale yenye vipande vikubwa ambayo vijana wa bodaboda wanayapenda. Obedi akamweleza kwamba yale ni ya matope, kwenye lami yenye maji yanateleza, tena hayakutengenezwa kubeba uzito ule kwa mwendo ule. Hadi hapo alikuwa fundi mwaminifu. Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na kisa cha kukutumia.

Lakini stoo kwake kulikuwa na jozi ya saizi ileile. Aliikuta humo siku aliyoachiwa gereji na baba yake mdogo. Kashata zake, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, zilikuwa nzima kabisa, maana matairi yale hayakuwahi kukanyaga barabara.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunalipima tairi kwa kutumbukiza kidole kwenye kashata, kidole kikizama tunasema ni zima. Mpira hausubiri kutumika ndipo uzeeke. Unakauka hata ukiwa umelala stoo, na ubavuni mwa kila tairi zimepigwa tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa. Jozi ile ilikuwa na miaka kumi na mitano.

Obedi alizisoma tarakimu zile. Akachukua msasa akazisugua mpaka zikafutika, akayaosha matairi kwa sabuni, akayapaka dawa ya kung'arisha. Kesho yake akamwita Mwalimu, akamwambia amepata jozi; Mwalimu akatumbukiza kidole, akaridhika.

"Wewe ndiye unayejua, Obedi," alisema. "Ukisema yanafaa, yanafaa."

"Yanafaa, Mwalimu."

Tangu siku hiyo Obedi hakuweza kuitazama ile pikipiki. Akiisikia inakuja aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta spana. Wiki ya kwanza alijiambia atamwita Mwalimu ayatoe. Wiki ya pili akajiambia kwamba kwa kuwa Mwalimu hajaanguka, huenda hayana neno. Kisha zikapita siku nyingi bila kuusikia ule muungurumo. Akahisi Mwalimu anaumwa na, Mungu amsamehe, alishukuru. Muungurumo uliporudi, naye akarudi kwenye ukuta wake.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi moja saa nne asubuhi, dada yake alipiga simu kutoka kijijini. Mama yao alikuwa anakata roho na alikuwa anamtaka Obedi.

Ni lazima nikueleze jambo lililokuwapo kati ya Obedi na mama yake. Mdogo wake alipofariki, Obedi hakwenda kuzika. Alisema ana kazi za watu. Mama yake, kwa uchungu, alitamka mbele ya wote: "Na mimi usije kunizika." Kwao neno la namna hiyo haliondolewi kwa simu, wala halibebwi na mjumbe. Linaondolewa na mdomo uleule uliolitamka. Mzazi hunywa funda la maji, humpulizia mwanawe kifuani, husema amelifuta. Miaka miwili Obedi alikuwa anaogopa kwenda. Sasa mama mwenyewe alikuwa ameagiza maji yawekwe karibu na kitanda, anamngoja.

Basi la kijijini lilikuwa limeondoka alfajiri. Obedi alisimama barabarani mbele ya gereji, simu mkononi, mvua nyepesi inanyesha. Ndipo Mwalimu Chaula akapita, akaiona sura yake, akasimama kuuliza. Aliposikia, hakufikiri mara mbili.

"Panda," alisema. "Mwendo wa saa mbili tu nitakuwa nimekufikisha."

Obedi alitazama juu, akatazama chini kwenye viatu vyake. Kutazama magurudumu hakuthubutu. Kichwani aliona ile milima, kona zilizolowa, na mpira wa miaka kumi na mitano chini ya watu wawili wazima.

"Siwezi, Mwalimu. Siku hizi pikipiki inanitia kizunguzungu."

Hapo angeweza kusema kweli. Alikuwa na mama anayekufa, nani angemhukumu? Lakini aibu ina nguvu kuliko tunavyokiri. Na uongo ule ukamfunga palepale, maana bodaboda kumi zilikuwa hatua chache kutoka pale, ila angepandaje mbele ya watu waliomsikia?

Mwalimu alimwonea huruma. Akasimamisha lori la mbolea lililokuwa linaelekea huko, akamwomba dereva amchukue mgonjwa huyu, akamkalisha mwenyewe mbele. Kisha akasema yeye atatangulia na pikipiki, awaambie nyumbani kwamba mtoto yuko njiani.

Naye Obedi, aliyejua alichokifunga kwenye pikipiki ile, alimwambia nini? Alimwambia, "Uende taratibu, Mwalimu." Basi. Niliposimuliwa kufikia hapa, nilisaga meno.

Mwalimu alifika saa saba mchana, mzima, hata hakuteleza. Mama alipousikia muungurumo uani aliomba ainuliwe. Akauliza kama Obedi ameingia. Wakamwambia anakuja na lori. Akasema basi atangoja, akakataa kulazwa tena. Lori nalo lilikuwa linashusha mifuko kila kijiji. Saa tisa na nusu mama akafariki amekaa, bakuli la maji liko palepale. Obedi alifika saa kumi na moja.

Alipoingia uani kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ile pikipiki, imesimama salama ukutani. Hakuisogelea. Alilia siku mbili, akazika, na kila aliyetupa udongo alikuwa anajua ni neno gani halikufutwa.

Siku ya kuanua matanga, Obedi alimvuta Mwalimu pembeni.

"Mwalimu, sikuwa na kizunguzungu. Yale matairi niliyokufungia yalikuwa yamezeeka. Nilifuta miaka yake kwa msasa. Niliogopa kuyapanda."

Mwalimu akasema polepole, "Yale hayapo, Obedi. Niliyatoa zamani."

Akamweleza. Wiki chache baada ya kuyafunga alikanyaga msumari. Mziba pancha wa stendi alipolivua tairi alimwonyesha mpira uliopasukapasuka kwa ndani, na mahali paliposuguliwa. Mwalimu akaagiza mapya Dar es Salaam, akatembea kwa miguu wiki tatu, akayafunga kwingine.

"Kwa nini hukuniambia?" Obedi aliuliza.

"Nilikufundisha mimi. Ningekujaje kukuaibisha gerejini kwako? Nilisema moyoni ukiyaona haya mapya tu utajua kwamba ninajua. Napita mbele yako kila siku."

Obedi alikwenda hadi kwenye pikipiki, akapiga magoti kwenye tope. Tarakimu zilikuwepo, zimesimama wazi, na matairi yalikuwa hayajamaliza hata mwaka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya msasa aliyatazama magurudumu yale. Fundi kama yeye angeyatambua kwa jicho moja, kutoka barabarani, bila hata kuinama. Angepanda. Angefika saa saba.

Watu wanamsifu Mwalimu kwa ustaarabu wake. Mimi simsifu, na nimemwambia. Ustaarabu wa kumwachia mtu kosa lake aozee nalo, nao ulichangia bakuli lile kubaki na maji. Aliinamisha kichwa tu.

Obedi bado ni fundi. Ukimpelekea pikipiki anakusomea tarakimu za tairi kwa sauti kabla hujauliza, mara mbili, kama mtu anayeapishwa. Ukimshukuru haitikii. Mama yake hawezi kurudi kunywa lile funda la maji.

Funzo: Usimpe mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe usingethubutu kukipanda siku mama yako anakuita, na ukigundua umedanganywa, sema siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu anayeendelea kuukimbia uongo ambao wewe ulishauondoa.