Programu Zilizowaka Zenyewe

Wapendwa, wekeni kalamu chini kidogo. Nina habari ya mama mmoja, tumwite Tupokigwe. Huyu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Kijiji kimoja cha milimani kilimwomba achore ramani ya wodi ya wazazi, maana kina mama wa kule walikuwa wanatembea saa tatu kwenda kujifungua. Ramani ilitakiwa ifike halmashauri Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, wodi inajengwa kijiji kingine.

Jumatatu asubuhi akawasha kompyuta. Ikaganda. Akichora ukuta mmoja, anasubiri dakika nzima ndipo uonekane. Akaipiga kofi ubavuni, akamwambia mumewe, "Hii imezeeka, inanifia mkononi." Mnajua tulivyo. Kitu kikitushinda, tunasema kimezeeka.

Akaipeleka kwa fundi, mtu asiye na maneno mengi. Fundi akafungua ukurasa unaoonyesha programu zote zinazofanya kazi kwa wakati ule. Mama alikuwa amefungua moja tu, ya kuchorea. Zilizokuwa zinakimbia chinichini zilikuwa kumi na tisa.

"Hii ya kukata video ni ya nini, mama?"

"Ya harusi ya mdogo wangu. Miaka minne sasa."

"Na hili gemu la magari?"

"La mwanangu. Yuko bweni."

"Basi zote hizi zinakula nguvu ya mashine, na wewe huzioni."

Akazifunga. Kompyuta ikawa nyepesi, mama akachora mpaka jioni, akaizima akiwa na amani. Jumanne akaiwasha. Imeganda vilevile!

Alirudi kwa fundi amefura. "Jana ulinifanyia nini? Kuna watu wanaisubiri ile wodi!"

"Jana tulizifunga, mama. Hatukuzizuia kuamka."

"Na nani anaziamsha?"

"Siku ulipoziweka, nyingi ziliuliza: niwake kila unapowasha kompyuta? Ukabonyeza ndiyo."

Mama hakukumbuka hata kuulizwa.

Fundi akafungua orodha nyingine, ya programu zilizopewa ruhusa ya kuwaka zenyewe, akamwachia kipanya achague kwa mkono wake. Ile ya kukinga virusi wakaiacha. Nyingine mama akazinyima ruhusa, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ile ya harusi akasita, kana kwamba anamfukuza mtu nyumbani.

"Huifuti," fundi akamwambia. "Siku ukiihitaji, utaifungua mwenyewe."

Akabonyeza. Jumatano kompyuta iliwaka, ikatulia. Jioni ile ile ramani ikatumwa, na kule kijijini wamekwisha kuchimba msingi.

Sasa tuje kwetu sisi. Jumapili tunaungama hapa. Tunafunga hasira, tunafunga wivu, tunatoka mlangoni tukiwa wepesi. Jumatatu je? Kabla hujanawa uso, neno alilokuambia shemeji yako mwaka juzi limeshawaka kichwani. Limewashwa na nani? Shemeji yuko kwake, amelala! Unakwenda nalo shambani, unakaa nalo mezani, watoto wanakuita mara tatu ndipo unaitika. Halafu unasema umri umeenda. Umri gani? Una miaka thelathini na minne!

Sisemi usahau. Mtu aliyedhulumiwa hawezi kuamriwa asahau. Nasema kuna siku uliliambia lile neno, njoo ukae, uniamshe kila siku. Pengine ulisema hivyo kwa uchungu, hata hukujisikia. Toba ya kweli inafika mpaka pale, kwenye ile ruhusa, na kuiondoa ni kazi ya mkono wako. Mimi siwezi kukuondolea kutoka hapa mimbarini. Nikijaribu, utatoka umefurahi, na kesho asubuhi yatakuwa yale yale.

Humu ndani wamo watu wawili waliozaliwa tumbo moja. Mmoja ameketi upande wangu wa kulia, mwingine kushoto, na hawajasalimiana tangu tulipomzika mama yao. Siwataji. Kwaya itaimba ubeti mmoja tu, na njia hapa katikati iko wazi. Mimi nitakaa, nisubiri.