Fidla ya Bi Pimbi na Roki ya Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Uzi ukikatika?

Tunaufunga.

Ngozi ikipasuka?

Tunaiwamba upya.

Na aliyesinzia?

Aamshwe na ngoma.

Basi aliyeamka na asogee. Palikuwa na Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayeishi kwenye nyufa za mawe. Huyu alikuwa mwanamke, na jirani zake walimwita Bi Pimbi. Mwili wake ungeenea ndani ya kapu, lakini maneno yake yasingeenea ndani ya ghala. Kazi yake ilikuwa kupiga fidla.

Alikuwa na wenzake wawili. Mmoja ni Mjomba Korongo, ndege wa miguu mirefu, mpigaji wa chelo, ile fidla kubwa inayosimamishwa chini na kuguna kama mtu mzima anayekumbuka ujana wake. Mwingine ni Nyenje, mdudu mlia usiku, aliyepiga fidla ndogo kuliko zote, iliyochongwa kwa ganda la karanga. Hao watatu walipiga muziki wa zamani, ule wa taratibu waliofundishwa na walimu wao, ambao nao walifundishwa na walimu wao. Nyiiii, nyiiii, nyiriri. Wanyama walioana kwa muziki huo, na walizikana kwa muziki huo.

Na mtoni aliishi Kiboko. Kiboko alipiga roki. Alikuwa na gitaa la umeme, na umeme wenyewe aliupata kwa kambare wa umeme aliyemweka ndani ya buyu la maji, akalining'iniza shingoni. Mikono ilikung'uta gitaa. Mguu ulikanyaga ardhi, na ardhi ndiyo ilikuwa ngoma yake. Grrrang, ndu, ndu. Grrrang, ndu, ndu. Akipiga, mawe yanaruka. Akinyamaza, masikio yanaendelea kulia peke yake.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Mto ukakonda, ukawa kijito. Kiboko akakitazama kijito, akasema, "Maji haya yananitosha mimi."

Akasukuma mawe, akasukuma tope, akajenga ukingo, akaukata mto. Juu ya ukingo likawa bwawa. Chini ya ukingo likawa vumbi.

Swala akaja, mama mwenye mtoto mchanga. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Naomba maji."

"Marahaba. Kaa usikilize kwanza."

Kiboko akapiga tangu jua linachomoza mpaka linapinduka. Grrrang, ndu, ndu. Alipomaliza akasema, "Sasa nisifu." Swala akamsifu. Akapewa funda moja.

Pundamilia akaja. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Naomba maji."

"Marahaba. Kaa usikilize kwanza."

Grrrang, ndu, ndu. Pundamilia akamsifu. Akapewa funda moja.

Ngiri akaja, Twiga akaja, hata Chui akaja na kiburi chake chote. Wakasikiliza, wakasifu, wakapewa funda moja moja, wakarudi na kiu yao. Kisha Kiboko akatangaza: "Masikio yote ya nchi hii ni yangu. Nikisikia uzi unalia mahali, nitaukata, na mpigaji nitamkalia."

Fidla zikanyamaza. Nchi nzima ikawa kiu na roki, roki na kiu. Mtoto wa Swala akawa hasimami tena. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama ukoko, na mama yake alimlamba kwa ulimi ambao nao haukuwa na mate.

Bi Pimbi alimwona mtoto yule, akaenda kwa wenzake.

"Mjomba, lazima ukingo ule ubomoke."

Korongo akasema, "Kiboko analala ameuegemea. Nani atamsogeza?"

"Hatutamsogeza. Atajisogeza mwenyewe. Mhanga, yule mla mchwa, ni mchimbaji. Kiboko akitoka majini, Mhanga na ndugu zake wataingia kazini. Wewe ukifika kwenye sauti ya chini kabisa ya chelo, hiyo ndiyo ishara yao."

"Na sisi tutakuwa tunapiga nini?" akauliza Nyenje.

"Roki," akasema Bi Pimbi.

Nyenje aliikumbatia fidla yake. "Mwalimu wangu angekuwa hai," akasema, "angekufa."

Kesho yake Bi Pimbi akaenda bwawani. Akasimama mbali kidogo, pale ambapo mtu mnene hamfikii mtu mwepesi kwa mruko mmoja.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kaa usikilize."

"Nitasikiliza, Bwana. Ila nina habari. Nimetoka ng'ambo ya kilima, na huko hawakujui."

Kiboko akaacha kutafuna. "Hawanijui mimi?"

"Niliwauliza, 'Mnaionaje roki ya Bwana Kiboko?' Wakaniuliza, 'Kiboko ndiye nani?' Nikaona aibu kwa niaba yako. Muziki wako ni mzito, Bwana, na kitu kizito hakipandi kilima. Kinataka kamba za kukivuta. Sisi kamba tunazo, nyuzi za fidla zetu."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulionekana, kwa sababu maji yalitoa mapovu.

"Basi njooni mpige hapa bwawani."

"Mti wa fidla ukilowa unavimba, na gundi inaachia. Uje wewe pale Jiwe Pana, ule mwamba wa kando ya ukingo wako."

"Jua litanipasua ngozi."

"Tutakusinga kwa tope mwili mzima, kama bwana harusi."

Kiboko akapenda jambo la bwana harusi. Lakini akakaza macho. "Na bwawa langu atalilinda nani?"

"Bwana," akasema Bi Pimbi, "wewe na sisi tukipiga pamoja, nani atakumbuka kunywa maji?"

Alisema hivyo bila kupepesa. Ulikuwa uongo, na yeye mwenyewe aliuona uongo mzuri.

Siku ikafika. Wanyama wakajaa kuzunguka Jiwe Pana, kila mmoja ameficha kibuyu. Swala alimlaza mtoto wake chini, kwenye mchanga mkavu wa mto. Mhanga na ndugu zake wakajibanza kando ya ukingo, kucha tayari. Kiboko akapanda jiweni, amepakwa tope mpaka kwenye kope, buyu la kambare linaning'inia shingoni.

Wakaanza, na ilikuwa fujo. Kiboko alipiga grrrang, fidla zikazama ndani yake kama sisimizi kwenye uji. Korongo akaguna, hakusikika. Nyenje akalia, hakusikika. Wanyama wakatazamana.

"Sikusikii," Kiboko akamwambia Bi Pimbi.

"Nami nakusikia mno. Acha nafasi, Bwana. Piga, kisha pumua. Sisi tutapita pale unapopumua."

Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia Kiboko apumue. Akajaribu.

Grrrang. Akapumua. Nyiiii.

Grrrang. Akapumua. Nyiriri.

Halafu Korongo akaushusha upinde juu ya chelo, polepole, akaweka sauti chini ya gitaa kama mtu anayeweka kiganja chini ya mtoto anayejifunza kuogelea. Na gitaa likaelea.

Sijui niwaambieje. Walikuwepo wanyama waliosikiliza roki mpaka wakaichukia, na wanyama waliosikiliza fidla mpaka wakaizoea. Hii haikuwa roki, wala haikuwa ile ya walimu. Gitaa lilinguruma kama mvua inayokuja kwa miguu kutoka mbali, na juu yake fidla ya Bi Pimbi ilipanda, ikapanda, kama mwewe aliyepata upepo wa joto, hapigi bawa, anazunguka tu na kwenda juu. Nyenje alishona katikati, uzi mwembamba, huku na huku. Ndu, ndu, ulisema mguu wa Kiboko, na kila kifua palepale kikajibu ndu, ndu, kwa sababu mioyo ilikuwa imeacha mwendo wake na kufuata mguu ule.

Manyoya yalisimama. Jiwe Pana lenyewe lilianza kuvuma kwa chini, jiwe ambalo tangu liumbwe halikuwa limesema neno. Ndege walishuka matawini wakakaa chini, kama waliona haya kuwa juu. Chui alikaa bega kwa bega na Ngiri na hakuna aliyekumbuka nani humla nani.

Ndipo Korongo akafika kwenye sauti ya chini kabisa. Mmmmmm. Ishara.

Mhanga hakwenda.

Korongo akarudia. Mmmmmm.

Mhanga alikuwa amesimama mdomo wazi, masikio yake marefu yamenyooka, na machozi yanamtiririka puani. Ndugu zake vilevile. Bi Pimbi akatupa jicho kwa wanyama. Vibuyu vilikuwa chini. Maji yalikuwa pale, hatua chache tu, bila mlinzi, na hakuna hata mmoja aliyeyatazama.

Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli.

Bi Pimbi akaogopa. Alitaka kuacha kupiga awapigie kelele, lakini mkono wake ulikataa. Naye alikuwa ndani ya muziki ule kama wenzake, hakuutaka uishe. Kisha macho yake yakamwona mtoto wa Swala pale mchangani, amefumba macho, mbavu zinapanda na kushuka kidogo tu. Basi akafanya hila bila kuacha kupiga. Akaugeuza wimbo, akauelekeza ukingoni, akaanza kutembea nao.

"Bwana Kiboko," akasema taratibu, "ng'ambo ya kilima wameanza kusikia. Sogea kidogo."

"Nasogea," akasema Kiboko. Alikuwa amefumba macho.

Grrrang, ndu, ndu. Akashuka jiweni.

"Sogea kidogo, Bwana."

"Nasogea."

Grrrang, ndu, ndu. Akaukanyaga ukingo.

"Sasa wanauliza, 'Huyu ni nani?' Kanyaga wakujue."

Kiboko akakanyaga. Ndu. Ukingo ukatoa ufa. Ndu. Tope likamung'unyuka. Bi Pimbi akapandisha fidla mpaka pale ambapo uzi unakaribia kukatika, Nyenje akamfuata, Korongo akavuta chelo yote kwa pumzi moja, na Kiboko akainua mguu juu kuliko siku zote za maisha yake, akaushusha.

Ndu.

Shwaaaaaa.

Mto ukatoka. Ukapita katikati ya wanyama, ukashuka kwenye mchanga uliousahau, na hata huo mwendo wa maji uliingia kwenye muziki na haukuuharibu. Ukamfikia mtoto wa Swala, ukamgusa mdomo. Akanywa akiwa amelala. Akanywa tena. Kisha akainua kichwa, na kabla hajamtafuta mama yake, masikio yake madogo yaligeuka upande ulikotoka muziki.

Kiboko alihisi unyevu miguuni. Alidhani ni machozi yake, maana alikuwa analia, akaendelea kupiga mpaka wimbo ulipokwisha wenyewe.

Kiboko akafumbua macho. Akaliona bwawa limebaki nusu. Akauona mto unang'aa mpaka mbali, na wanyama wote wamesimama ndani yake.

"Nani kabomoa ukingo wangu?"

Korongo akainua mguu mmoja, tayari kuruka. Nyenje akaingia ndani ya ganda lake la karanga.

Bi Pimbi akasema, "Ni wewe, Bwana. Tazama nyayo."

Kiboko akazitazama. Zilikuwa zake, vidole vinne vinene, kutoka jiweni mpaka ukingoni. Akautazama mguu wake kama mguu wa mgeni. Akamtazama Bi Pimbi, na sasa Bi Pimbi alikuwa karibu mno, mahali ambapo mtu mnene anamfikia mtu mwepesi bila hata kuruka. Kiboko akafungua kinywa, na kila mtu aliyaona meno yale.

"Ile sehemu ya mwisho," akasema, "pale fidla ilipokwenda juu. Mnaweza kuirudia?"

Wakairudia.

Basi mafundisho ya ngano hii ni haya, na myashike: muziki haujawahi kumnywesha mtu maji. Ukimwona mtoto wako amebeba fidla, mpokonye umpe ndoo. Na akitaka gitaa, mpe ndoo ya pili.

Ngano yangu imefika mwisho wake. Ikiwa tamu, imezeni. Ikiwa na mfupa, temeni kando, msinirushie mimi.