Kiboko Aonja Maji ya Bondeni

Hapo zamani za kale, tena si za kale sana, maana harufu yake bado ninayo puani, palikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Kwatoni. Sogeeni karibu. Na wewe acha kumfinya mwenzio! Hadithi hii ina hasira, na mimi msimulizi nina hasira, basi msinichokoze.

Katikati ya mji ulipita Mto Kizingo. Ulikuwa mto kweli enzi za mababu. Wakati ninaousimulia mimi ulikuwa supu. Supu ya mavi na rangi. Mnacheka? Chekeni, lakini kuna waliokuwa wakiinywa.

Huku juu, penye upepo mwanana, alikaa Mheshimiwa Kiboko, mkuu wa mji. Choo cha jumba lake kilikuwa na bomba, na bomba lilimwaga mtoni mchana na usiku: porokoporo, porokoporo! Jirani yake alikuwa Kifaru, mwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Kifaru akitia nyekundu, mto mwekundu. Akitia buluu, mto wa buluu. Bomba lake nalo halikunyamaza.

Kule chini, Bondeni, walikaa wadogo wadogo. Alikuwapo Chura na mkewe. Alikuwapo Bi Nguchiro, mwembamba, mwepesi, ulimi kama wembe. Kazi yake udobi. Masikini, shuka inaingia mtoni nyeupe, inatoka ina mawingu!

"Bi Nguchiro, hii ni shuka yangu au kitenge cha mke wa Kifaru?" wateja walimkejeli.

Hayo yanavumilika. Yasiyovumilika ni ya watoto. Bondeni hakukuwa na kisima, kwa hiyo walikunywa hayo hayo. Masika yaliyopita Chura alizika watoto wake. Na sasa Chiku, binti wa pekee wa Bi Nguchiro, alikuwa kwenye mkeka, anahara tangu juzi, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi.

Bi Nguchiro akajifunga kanga kiunoni, akapanda mlima hadi kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Nani huyo? Nakula!"

"Ni Nguchiro wa Bondeni. Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi, ndizi zinapoa."

"Mheshimiwa, mwanangu anakufa. Nakuomba, yazibeni mabomba. Chimbeni mashimo, uchafu uende huko, usije kwetu."

Kiboko akacheka, tumbo likacheza tiki, tiki, tiki. "Haiwezekani! Mambo ya mabomba ni ya kitaalamu, mama, wewe huwezi kuyaelewa."

Kifaru alikuwa pale pale akinywa chai. Akasema bila kumtazama, "Mwambie achemshe maji."

"Nimechemsha, Bwana Kifaru. Nimepata rangi ya moto."

"Basi vumilia," akasema Kiboko, akajaza ndizi mdomoni. "Nimesema haiwezekani."

Haiwezekani! Mmesikia? Liwekeni neno hilo mahali, tutalihitaji.

Hata mwezi haukuandama, habari zikavuma. Fisimaji wanakuja! Msimchanganye na fisi, jamani. Fisimaji ni mnyama mwingine kabisa, mwembamba, ana manyoya laini, na majini hakuna wa kumpata. Fisimaji wa nchi ya maziwa walikuwa wakitafuta mto wa kufanyia mashindano makubwa ya kuogelea.

Kiboko aliposikia akaruka, ardhi ikatikisika, ndii! "Yafanyike kwangu! Sifa ziende mbali! Zibeni mabomba! Chimbeni mashimo!"

Yakazibwa. Vizibo vya magogo, ga! ga! ga! Mashimo yakachimbwa nyuma ya jumba na nyuma ya kiwanda. Taka zikazolewa kutoka darajani mpaka Bondeni. Mvua moja kubwa ikapita, mto ukang'aa, ukaanza kuonyesha mawe yake.

Kumbe inawezekana! Siku zote ilikuwa inawezekana! Mtoto akilia, ni mambo ya kitaalamu. Mgeni akitaka kuchezea maji, utaalamu unapatikana kabla ya kifungua kinywa. Lo! Hebu nipeni maji ninywe, koo limenikauka kwa hasira.

Haya. Bondeni wakakutana uani kwa Chura. Chura alikuwa amevimba shingo mpaka karibu ipasuke.

"Kroo! Hawakusafisha kwa ajili ya wanangu!" akapiga kelele. "Wamesafisha kwa ajili ya mchezo. Mchezo! Mimi nasema huo si usafi, ni matusi. Tuzibebe takataka tukazimwage darajani siku ya mashindano, wageni waone ukweli!"

"Tukamwage! Tukamwage!" wenzake wakaitikia.

Bi Nguchiro akanyoosha mkono. "Chura, ndugu yangu, hasira yako ni yangu. Lakini leo Chiku amekunywa maji na hakuhara. Asubuhi ameomba uji. Ameomba mwenyewe! Unataka nikamwage taka kwenye maji hayo?"

Chura akauliza kwa sauti ndogo, "Na wageni wakishaondoka?"

"Wakishaondoka vizibo vitang'olewa siku hiyo hiyo. Nimemsikia Kifaru akisema, nilipompelekea mashuka."

"Unaona sasa!"

"Naona. Kwa hiyo," akasema Bi Nguchiro, "dawa ni wageni wasiishe."

Wakamtazama kama amepandwa na wazimu. Yeye akaenda zake kupasha pasi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kisa. Kwatoni walikuwa na mila moja wasiyoichezea. Mwenyeji hampi mgeni kinywaji bila kukionja kwanza mwenyewe. Iwe dafu, iwe uji, iwe maji ya mtungini, mwenyeji anapiga funda moja, ndipo mgeni anapokea. Mwenyeji asiyeonja aliitwa mlisha sumu. Na mlisha sumu hasalimiwi, haalikwi, hata moto wa jikoni haazimwi, awe nani.

Wageni walipokwisha kufika mjini, Bi Nguchiro akapeleka joho jeupe la Kiboko, la kuvaa siku ya sherehe.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Joho hili. Ah, utapendeza!" Akashusha pumzi. "Lakini kuna maneno mjini... Basi tu. Mimi ni dobi, ninajua nini?"

"Maneno gani? Sema!"

"Wageni wananong'ona. Wamesikia kwamba mto huu juzi ulikuwa supu. Muogeleaji humeza maji, Mheshimiwa, hana budi. Wanaogopa. Nasikia wengine wanafunga mizigo."

"Ati nini!" Kiboko akatoka jasho.

"Mbona dawa yake ni rahisi? Mwenyeji si huonja kwanza? Simama mbele yao, uonje. Ila usionje hapa juu kwako, watasema umechota chemchemi. Onja Bondeni, pale mto unapouacha mji. Na uweke neno zito, neno la mkubwa. Useme: 'Maadamu yupo mgeni anayeoga mto huu, kila asubuhi nitaonja mimi kwanza.' Watalisimulia mpaka kwao!"

Kiboko akalionja lile neno mdomoni, akaliona tamu. Akamgeukia Kifaru, aliyekuwa kando yake akinywa chai. "Hawa wageni wanakaa muda gani?"

"Mashindano yakiisha, jioni yake wanaondoka," Kifaru akanong'ona.

"Basi nitasema!"

Siku ikafika. Ngoma, bendera, vigelegele mto mzima. Kiboko amesimama Bondeni ndani ya joho jeupe, mkononi kata ya kifuu, ya kuchotea maji. Akaapa mbele ya mji mzima: "Maadamu yupo mgeni anayeoga mto huu, kila asubuhi nitaonja mimi kwanza, hapa hapa!" Akanywa, gudu, gudu, gudu. "Ahh! Matamu!"

Wageni wakapiga makofi. Chura akatema mate chini.

Mbio zikaanza. Chubwi! Chubwi! Fisimaji wakapita kasi, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Lakini kijana mmoja wao, Teleza, alinasa mguu kwenye tambara la zamani lililobaki chini ya kona ya Bondeni. Mpaka ajinasue, wenzake walikwisha kausha manyoya. Akatoka majini wa mwisho, analia kwa aibu.

Bi Nguchiro akamfunika taulo. "Mwanangu, unarudi kwenu hivyo?"

"Nitafanyaje, mama? Watanicheka."

"Baki. Jifunze kona hiyo hiyo iliyokushinda. Kitanda kipo, uji upo. Mwakani hawatakupata." Kisha akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha Chiku mkekani, bado amekonda. Akamweleza yote, ya mabomba, ya watoto wa Chura, na ya kile kiapo.

Teleza akafuta machozi. Sasa na yeye alikuwa na hasira. "Nabaki," akasema.

Jioni wageni wakaondoka kwa tarumbeta. Vumbi lao halijatulia, vizibo vikang'olewa. Poo! Poo! Uchafu wote uliolala mabombani ukashuka kwa pamoja. Bondeni wakaziba pua. Akina mama wakawahi kufunika mitungi waliyokuwa wamejaza.

Asubuhi na mapema mji mzima ukaamshwa na ngoma mlangoni kwa Kiboko. Akatoka na nguo ya kulalia, macho hayajafunguka.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Mheshimiwa," akasema Bi Nguchiro. "Shikamoo. Tumekuletea kata yako."

"Kata ya nini? Wageni si wameondoka?"

"Teleza! Hebu jitokeze, baba."

Teleza akajitokeza, taulo begani. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nataka kwenda kuoga. Namsubiri mwenyeji aonje."

Kiboko akababaika. "Huyu... huyu... Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Mpeni jembe, asiwe mgeni tena!"

"Siku ya tatu ikifika jembe tutampa, na atalima," akajibu Bi Nguchiro. "Lakini jembe halimwondolei mtu kiu wala ugeni. Atakunywa nini, Mheshimiwa? Au wewe ni mlisha sumu?"

Lile neno likapita katika umati, shhh, kila mtu akarudi nyuma hatua. Kiboko akatafuta macho ya Kifaru. Kifaru alikuwa ananyatia uchochoroni.

"Bwana Kifaru, unakwenda wapi?" Bi Nguchiro akaita. "Rangi ni yako. Njoo umsindikize mwenzio."

Umati ukawazunguka, wakateremka wote mpaka Bondeni. Kata ikazamishwa, ikatoka. Ndani yake mlikuwa na kijani, mlikuwa na uzi mwekundu, na kitu kimoja kilichoelea ambacho sitakitaja kwa sababu mtakataa chakula. Kiboko akakitambua. Kilitoka kwake.

"Maji haya hayanyweki!" akalia.

Bi Nguchiro akaisogelea kata, akachungulia.

"Hayanyweki?" akasema Bi Nguchiro. "Chiku aliyanywa. Watoto wa Chura waliyanywa, Mheshimiwa. Walikunywa mpaka tukawazika. Nilikuja kwako, ukasema ndizi zinapoa. Leo umeyaona kwa jicho lako, kumbe hayanyweki?"

Kiboko akaishika kata. Akafumba macho. Gudu! Kifaru akapewa iliyobaki. Gudu!

Haukupita muda. Tumbo la Kiboko likasema guruguru. Likasema tena, guruguru-ru-ruu! Akatoka mbio, nguo ya kulalia na heshima vyote pembeni, akajitupa kwenye choo cha Chura, mlango ukang'oka. Kifaru nyuma yake anabisha, "Toka! Toka, nami nimebanwa!"

Kutoka ndani ikasikika sauti: "Zibeni! Zibeni mabomba yote!"

Bi Nguchiro akasogea karibu na kile choo, akajibu kwa adabu kabisa, "Haiwezekani, Mheshimiwa. Mambo ya mabomba ni ya kitaalamu."

"Zibeni, nimesema! Zibeni la kwangu! Zibeni la Kifaru! Yoo, mama yangu!"

Yakazibwa siku hiyo hiyo. Na tangu hapo kila asubuhi Kiboko aliteremka mwenyewe hadi Bondeni, akaonja mbele ya watu. Njiani aliyakagua mabomba, moja moja, kwa macho yake, maana tumbo ni lake.

Mwaka wa pili Teleza alishinda, akarudi kwao anacheka. Kiboko akashangilia kuliko wote, akidhani amepona. Lakini mashindano yoyote lazima yawe na wa mwisho, na wa mwisho hupenda kubaki afanye mazoezi. Mwaka huo alibaki mwingine. Mwaka uliofuata mwingine. Bi Nguchiro alikuwa na taulo tayari.

Chiku akakua, akajifunza kuogelea. Alipopita kwenye ile kona akipiga maji, Chura alikaa ukingoni akamtazama.

"Walisafisha kwa ajili ya mchezo," akasema siku moja. "Sijawasamehe."

"Wala mimi," akasema Bi Nguchiro, akisuuza shuka nyeupe pee.

Basi, hasira yangu imeishia hapo, na mwenye kiu akanywe, ila kumbukeni: anayekuteremshia maji, ayaonje yeye kwanza.