Atozaye Yowe Hununua Kimya

Atozaye yowe hununua kimya. Mmenisikia nikiwaambia hivyo walimu wenzangu kwenye kikao cha kitivo asubuhi hii, nanyi wanafunzi wangu mmenifuata hadi ofisini kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Yalianzia kijiji cha Mwabagole, na aliyeyasema kwanza ni baba yangu.

Baba, Dakta Shilinde, alifundisha uchumi wa sheria, ile taaluma inayouliza kila sheria inamgharimu nani na kumfaidi nani. Sisi wasomi wa fani hii tuna ugonjwa mmoja: tukiona desturi, lazima tuipigie hesabu. Chuo kilimpa likizo ya utafiti, akatupeleka kijijini kwao, na huko akaikuta desturi ya yowe. Yowe likipigwa, kila mwenye masikio huacha jembe na kukimbilia linakotoka, kwa sababu msimu wa mtama fisi hujificha mashambani. Mara nyingi watu walikimbia wakakuta ni mbwa tu. Baba aliumia kuona kazi zinalala bure. Akaushawishi mkutano wa kijiji upitishe sheria ndogo: anayepiga yowe pasipo hatari atozwe mbuzi.

Wa kwanza kutozwa alikuwa jirani yetu Minza, mjane. Alikuwa na mbuzi wawili, akabaki na mmoja. Baada ya hapo mayowe yalikoma, na baba akawaandikia wenzake chuoni kwa furaha kwamba sheria imefanya kazi. Mimi nilikuwa mtoto, lakini utulivu ule uliniogopesha. Zamani ukisikia kitu nyuma ya nyumba ulijua watu watakuja. Sasa kila mtu aliogopa peke yake. Milango ilifungwa jua lingali juu, na mama alishtuka hata kuku akiparua.

Jioni moja nilikuwa natoka shambani na baba, tukipita njia nyembamba katikati ya mtama uliotuzidi kimo. Mabua yakatikisika upande wangu. Baba akasimama, mdomo wazi, pumzi imemjaa kifuani. Niliona anataka kupiga yowe, na niliona anaogopa. Kama ni mbwa, mtunga sheria mwenyewe angetoa mbuzi, na kijiji kizima kingemcheka.

"Nyamaza kwanza," akaninong'oneza. "Tuhakikishe."

Nilinyamaza, maana nilikuwa binti yake. Kisha uvundo ukanifikia puani, na fisi akanidaka mkono huu wa kulia.

Hapo tulipiga yowe wote wawili. Kijiji hakikuja. Baadaye tuliambiwa wengi walisikia, ila walikuwa wameshazoea kutokimbia, kila mmoja akangoja kuona kama jirani yake atatoka. Aliyetoka ni Minza peke yake. Alikuja na mchi, akampiga yule mnyama mpaka akaniachia.

Baba alinifunga jeraha kwa shati lake. Akamuuliza Minza, ambaye nyumba yake inatazama ile njia, kama hakuona kitu mapema.

"Niliona mgongo wa mnyama ukiingia kwenye mtama nyuma yenu, Dakta," Minza akasema. "Sikuwa na hakika kama ni fisi. Na mbuzi ninaye mmoja."

Mkutano uliofuata baba alikuja akimvuta mbuzi kwa kamba, akamkabidhi Minza mbele za watu, akaomba sheria yake ifutwe. Walipomtaka aeleze sababu, alisema maneno yale manne tu, akakaa.

Leo kitivo kilitaka mwanafunzi anayemlalamikia mwalimu bila ushahidi kamili asimamishwe masomo. Hoja ilipangwa vizuri, kwa hesabu safi. Baba wa siku zile angeipenda. Nikaogopa kama nilivyoogopa ndani ya mtama, safari hii kwa ajili yenu, nikainua mkono huu uliobaki na vidole viwili, kupinga. Mwenyekiti akaniuliza nina hoja gani.

Nikamwambia: atozaye yowe hununua kimya.