Jani la Mkwaju Kwenye Nguzo

Wahenga waliosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwa na simu za mkononi. Laiti wangekuwa nazo, labda wangesita kidogo kabla ya kuitunga methali hiyo, maana siku hizi ndugu aliye safari ya siku nzima kwa basi anaweza kukutakia usiku mwema kana kwamba amelala chumba cha pili. Hivyo ndivyo alivyoamini Ndaki, muuza maziwa wa Kibuta, wilayani Kisarawe. Msitu ulimfundisha vingine, na wala haukumfundisha kwa upole.

Ndaki alikuwa Msukuma wa Maswa, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na sita, mchache wa maneno. Aliteremka Pwani na ng'ombe wake kutafuta malisho, akakaa msimu mmoja Janga, upande wa Kibaha, kisha akahamia Kibuta. Mkewe, Kabula, alibaki Maswa na watoto wanne ili wasikatishwe shule. Mpango ulikuwa wa miaka miwili tu. Sasa ulikuwa mwaka wa tano, na bado alipoulizwa habari za kujenga nyumba ya maana alijibu, "Mimi ni mpita njia tu."

Mpita njia hahitaji marafiki, ndivyo alivyojiambia. Alijenga chumba kimoja kando ya zizi, akanunua sufuria moja, sahani moja na kikombe kimoja. Kila jioni baada ya kukamua alikaa juu ya dumu tupu akapiga simu kwao. Alianza na Kabula, akamalizia na Gideon, mdogo wake, ambaye hakukosa ushauri kwa jambo lolote chini ya jua. Wakati wa maongezi hayo Ndaki alicheka, akatania, akawa mtu kati ya watu. Akikata simu, upweke ulimrudia palepale, na chumba kikawa kimya hata akasikia ng'ombe wakicheua. Simu yake ilikuwa na namba sitini na tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu wa Kibuta.

Si kwamba majirani hawakuwapo. Aliyekuwa karibu zaidi ni Mfaume, mkulima wa mihogo. Mwaka wa pili ng'ombe wa Ndaki waliingia shambani kwa Mfaume na kuifyeka mihogo ya nusu ekari. Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, fidia ikalipwa, wawili hao wakapeana mikono. Lakini kabla ya mikono kupeanwa, Mfaume alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mfugaji akiona shamba la mwenzake huona nyasi. Neno hilo lilimchoma Ndaki, naye akaondoka nalo moyoni. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa sababu tu kutosalimiana ni aibu.

Kila alfajiri Ndaki alifunga madumu mawili ya maziwa kwenye baiskeli yake na kukatiza msitu wa hifadhi kwenda Kisarawe mjini. Barabara kubwa ilizunguka mno. Njia ya msituni ilikuwa nyembamba, yenye kona nyingi na miteremko, lakini iliokoa nusu ya safari, na askari wa msitu waliwaruhusu wenye baiskeli kuipita mradi wasichume humo hata jani.

Wenyeji walikuwa na desturi yao. Mwanzoni mwa njia, upande wa Kibuta, palikuwa na nguzo ya zege ya mpaka iliyozungushiwa waya. Kila aliyeingia msituni alichomeka kwenye waya ule kitawi alichokuja nacho kutoka kwake: huyu cha mkorosho, yule cha mpera, mwingine cha mwarobaini. Alasiri, akitoka, alichomoa chake. Jani, kama walivyokiita kitawi hicho, likibaki, wote walijua mwenzao hajatoka, na hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka apatikane. Bi Firdausi, mama mtu mzima aliyekaanga mihogo pembeni ya nguzo hiyo, ndiye aliyemweleza Ndaki siku ya kwanza.

"Shikamoo mama," Ndaki alikuwa amesema akitaka kupita.

"Marahaba baba. Mbona hujaweka jani? Humo ndani mna wanyama, na mti hausemi umemwona nani."

"Ahsante mama. Mimi nina simu."

Alisema hivyo kwa tabasamu. Alichokuwa nacho moyoni ni kingine: jani lake likibaki, ni nani angegeuza baiskeli kumfuata yeye? Alihofia jibu, basi akaona afadhali asiulize. Kuanzia siku hiyo kila alipoifikia nguzo ile alitazama upande wa pili.

Kulikuwa pia na suala la kengele. Wenyeji walipiga kengele kwenye kila kona ili mnyama asikie na kujiondokea mapema. Gideon alipoambiwa alicheka sana. "Kaka, tangu lini mnyama akachokozwa kwa kelele? Pita kimya, kama tulivyokuwa tukipita na ng'ombe mbugani." Ushauri huo ulikuwa mzuri kwa mbuga, ambako unamwona fisi angali mbali kama kisiki. Ndaki hakukumbuka kwamba kwenye kona za msituni macho hayafiki popote. Aliifunga kengele yake kwa kipande cha tyubu, ikawa bubu.

Na kweli, alipita kimya na akaona mengi. Aliona paa wadogo wakinywa maji kwenye madimbwi, kanga na vifaranga vyao, nyani wakichambuana chawa. Mara moja alisimama na kumsubiri chatu amalize kuvuka. Jioni alimsimulia Gideon yote. Ukweli ni kwamba wanyama wale ndio waliokuwa wenzake, na siku ambayo hakuona hata kima mmoja alirudi nyumbani amenuna.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kila alfajiri, akiwa amechuchumaa anakamua, alisikia baiskeli ikisimama nyuma ya zizi. Kitawi cha mkwaju wake kilivunjwa, kisha baiskeli ikaenda zake.

"Huyo anapeleleza ng'ombe," Gideon alimwambia. "Fuga mbwa."

Ndaki akafuga mbwa. Mbwa alibweka siku tatu, siku ya nne akanyamaza, na vitawi vikaendelea kuvunjwa kama kawaida.

Basi ikafika Alhamisi moja ya masika. Ndaki aliuza maziwa yake mapema, akaanza kurudi saa sita, saa tatu nzima kabla ya wenzake ambao hungoja soko lipoe. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na nyasi zimefunga kingo za njia. Kwenye mteremko mrefu breki zilizolowa zilikataa kushika. Baiskeli ilishuka kwa kasi bila sauti, ikakata kona, na hapo katikati ya njia alikuwapo nguruwe mwitu na watoto wake watano.

Laiti kengele ingelia, mama yule angekuwa ameshawaingiza wanawe vichakani. Sasa alimwona mtu amemwangukia kutoka hewani. Alifanya lile ambalo mama yeyote angefanya. Ndaki alisikia mkoromo, kisha akahisi paja likichanika. Baiskeli ikaenda kulia, yeye akaenda kushoto, akabingirika korongoni na madumu yakimfuata kwa kishindo. Alipotulia, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa chini ya goti, mahali ambapo mguu haukunjwi.

Alilia kwa sauti, wala hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Akavua shati akalifunga pajani, lakini damu ikapita. Juu ya korongo nguruwe alikuwa bado akikoroma, akienda na kurudi. Ndipo alipokumbuka simu. Ilikuwa mfukoni, nzima, na mtandao ulikuwapo. Alimshukuru Mungu na kumpigia Gideon.

"Gideon, nimejeruhiwa. Nguruwe mwitu. Mguu umevunjika na damu haikatiki."

"Uko wapi kaka?"

"Msituni. Korongoni."

"Sawa, tulia. Nipe namba ya jirani nimpigie aje sasa hivi."

Ndaki alizipitia kichwani namba zake sitini na tatu.

"Kaka? Nipe namba ya mtu yeyote wa hapo."

"Sina."

"Ya mwenyekiti?"

"Sina, Gideon."

"Miaka mitano, kaka," Gideon alisema. Ndaki alimsikia mdogo wake akilia, huko Maswa, kwenye jua kali, na hakuna alichoweza kumfanyia wala kufanyiwa naye. Gideon alianza kutaja namba za polisi na za ofisi alizowahi kusikia, akisema atajaribu, atauliza, atampigia mtu anayemjua mtu. Kisha chaji ikaisha, na simu ikazimika.

Hapo ndipo Ndaki alipoujua upweke. Ule wa jioni ulikuwa mchezo. Nyani walikuja wakaketi kwenye matawi, wakamtazama kama watu waliokaa msibani, kisha wakachoka wakaondoka. Nzi walifika. Alihesabu: wenzake wangepita njia ya juu baada ya saa tisa, wakizungumza na kupiga kengele, nao wasingetazama chini kwa sababu hawakuwa na sababu. Baiskeli yake ilikuwa imemezwa na nyasi. Kwenye nguzo, kila mmoja angechomoa jani lake, waya ungebaki mtupu, nao wangekwenda nyumbani wameridhika. Hakuna jani lililosema kwamba Ndaki yumo. Alijaribu kupiga kelele, lakini sauti haikutoka hata korongoni. Alimwona Kabula akipokea habari, akafumba macho ili asiione sura yake.

Kengele zilipoanza kulia alidhani ni masikio yake. Zilikuwa nyingi, nazo zililia bila kukoma, zikakaribia kwenye kona na kusimama.

"Ndaki! Ee bwana Ndaki! Itika!"

Hakuwa na nguvu za kuitika. Aliokota jiwe akaligonga kwenye dumu, mara moja, mara mbili. Nyasi zikapasuka, na uso wa kwanza kutokeza pembeni mwa korongo ulikuwa wa Mfaume.

Mfaume aliteremka akiburuta makalio, akavua kikoi alichojifunga kiunoni juu ya suruali, akakaza paja la Ndaki mpaka damu ikasimama. Wenzake wawili walileta fito kuukuu zilizoanguka, wakaunyoosha mguu. Ndaki alimshika Mfaume mkono.

"Mmejuaje kama nimo?"

"Tumetoka sokoni, tumefika nje ya msitu, tumemkuta Bi Firdausi kasimama katikati ya njia, hatupishi. Jani lako limebaki."

"Mimi siweki jani."

"Najua huweki." Mfaume aliendelea kufunga fundo bila kumtazama. "Nakuwekea mimi. La mkwaju, la nyuma ya zizi lako. Bi Firdausi anakutolea ukishapita mchana."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mambo ya mihogo yaishe. Nilisema neno baya mbele za watu. Nikataka kuja kwako tuyamalize, ila wewe ukiniona unatazama pembeni. Nikasema basi, angalau nikuwekee jani." Kisha akaongeza, "Na yule mbwa wako mwambie apunguze. Kila siku lazima nimpe muhogo wa kukaanga."

Ndaki aliufunika uso wake kwa mikono yenye damu, akalia kwa mara ya pili siku ile. Miaka mitatu alikuwa amejiona yuko peke yake duniani, na kila alfajiri ya miaka hiyo mtu alikuwa akisimama nyuma ya zizi lake kwa ajili ya kumhesabu.

Walimbeba kwa machela ya fito na makoti mpaka nje, na bodaboda mbili zikampeleka hospitali. Alikaa huko majuma matano. Nyumbani, Mfaume aliyekuwa hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe alijifunza kukamua, akapigwa teke mara mbili na kumwagiwa maziwa mara nyingi zaidi, na kila jioni alikuja wodini kutoa ripoti ya ng'ombe gani ana tabia mbaya. Bi Firdausi alituma uji.

Siku ya pili ya kulazwa, Gideon alipiga kupitia simu ya Mfaume, ambayo Ndaki alikuwa ameiazima kumbipu. Ilikuwa namba ya kwanza ya Kibuta ambayo Gideon aliiandika katika kitabu chake cha namba.

"Kaka, nisamehe. Sikukufaa kitu," Gideon alisema.

"Ulilia nami. Hukuwa na namna nyingine," Ndaki alimjibu. "Sasa zungumza na jirani yangu hapa."

Mvua za vuli zilipoanza, Ndaki alipanda tena baiskeli, mguu ukiwa umepinda kidogo na kengele ikiwa imefunguliwa. Alfajiri hiyo alivunja mwenyewe kitawi cha mkwaju, akakibeba mdomoni hadi kwenye nguzo. Alikuta cha mkwaju kimeshachomekwa. Mfaume alikuwa amesahau, au hakutaka kuacha. Ndaki alichomeka chake kando ya kile, akanunua muhogo wa Bi Firdausi kwa mara ya kwanza, akaingia msituni akipiga kengele kwenye kila kona.

Gideon wa Maswa anampenda kaka yake kuliko Mfaume atakavyowahi kumpenda, na hilo halina ubishi. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.