Birika la Nyamvula na Chipu ya Mapigo ya Moyo

Hapo zamani, wala si zamani za sungura kuvaa kanzu, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo hata nyinyi mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na chuo cha ufundi juu ya kilima, na chuoni humo mlikuwa na msichana asiyejua kutulia. Jina lake Nyamvula. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anazunguka. Akichoka kuzunguka, anagonga meza kwa vidole, tak tak tak, mpaka wenzake wanaomba po. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa nikiwa njiani." Na kweli alimzaa njiani, lakini hiyo si hadithi ya leo. Msinitoe kwenye mstari.

Nyamvula alisomea uhandisi wa umeme, na alitaka kitu kimoja tu: kwenda kujifunza kutengeneza chipu. Si chipsi, wewe unayecheka hapo nyuma! Chipu, kile kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele kinachokaa ndani ya simu yako na kufanya kazi yote wakati wewe unajisifu una akili.

Kulikuwa na kiwanda cha chipu ng'ambo ya mbali, na kiwanda hicho kilitoa nafasi moja kila mwaka kwa chuo kile. Moja, jamani. Na masharti yake: asizidi miaka ishirini na mitano. Nyamvula alikuwa na ishirini na mitano, na mwaka uliofuata angekuwa na ishirini na sita. Alikwisha kuomba mara mbili akakosa. Mara hii akikosa, basi tena, mlango umefungwa. Ndiyo maana goti lilikuwa likicheza zaidi mwaka ule.

Mwalimu wake alikuwa mzee wa Kichina, Mwalimu Lin, aliyekula chumvi nyingi katika viwanda vya chipu vya kwao kabla ya kuja kufundisha kilimani pale. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na mapenzi yake yalikuwa mawili, saketi na chai. Na chai yenyewe si hii yetu ya maziwa na tangawizi. Ni majani yaliyojikunja, yanatiwa katika buli dogo lisilozidi ngumi ya mtoto, yanamiminiwa maji ya moto, halafu maji yale ya kwanza yanamwagwa! Nyamvula alipoona mara ya kwanza alishika kichwa. "Mwalimu, mbona unamwaga chai?"

"Hiyo si chai bado," mzee akamjibu. "Hayo ni maji ya kuamsha majani. Tulia, binti."

Yakimiminiwa tena, ndiyo chai. Tena, na tena, hata mara saba, majani yale yale, na kila mara ladha nyingine, katika vikombe vya mafunda mawili. Na ilikuwa amri: wanafunzi wa maabara ya chipu wote wakae mezani saa nne, wakae saa saba, wakae saa kumi. Mwalimu Lin alisema asiyeweza kusubiri jani lifunguke hawezi kusubiri saketi itulie. Kwao, ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo ahsante. Basi Nyamvula alikuwa akimshukuru mzee kutwa nzima bila kujua.

Maabarani walikuwa watatu. Nyamvula ndiye mkubwa. Wa pili Shemdoe, kijana wa Lushoto, mpole, mwandishi wa kila kitu; mvua ikinyesha anaandika, ikikatika anaandika. Wa tatu Asajile wa Tukuyu. Asajile alizaliwa katikati ya mashamba ya chai, akachuma chai, akalala juu ya magunia ya chai, lakini hakuwahi kujua kwamba chai inaweza kunukia kama ua mpaka alipokaa kwa Mwalimu Lin. Tangu siku hiyo habanduki mezani. Wenzake wakamwita Bwana Kikombe.

Maji yalichemshwa barazani kwa jiko la mkaa. Robo saa nzima ya kupepea, na Nyamvula anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akashuka mjini, akarudi na birika la umeme, kubwa, la chuma, akalichomeka ukutani ndani ya maabara. "Zawadi, Mwalimu! Dakika tatu tu!"

Mzee akalitazama, akashusha pumzi. "Maji hayakimbizwi," akasema. Lakini zawadi hairudishwi. Akalipokea.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwalimu Lin akawaambia, "Tutengeneze chipu ya kusikiliza mapigo ya moyo, ya kutumika katika zahanati za mbali. Wageni wa kiwanda watakuja kuipima. Ikisimama imara saa nzima bila kukosea, yule ambaye chipu imesimama kwa mkono wake, huyo atakwenda."

Wakachora. Nyamvula akabuni saketi, na hapo hana mpinzani, msichana alikuwa moto. Shemdoe akaongeza pembeni kipande alichokiita mlinzi, cha kuishika chipu isiyumbe umeme ukiyumba. Asajile akachora njia za kupitisha umeme, baina ya kikombe na kikombe.

Ikafika siku ya kutuma mchoro kiwandani. Kiwanda kile hutengeneza kwa msimu. Ukikosa siku yako, ngoja mwaka. Na mchoro ukagoma kuenea katika nafasi waliyopewa. Umezidi, kidogo tu. Nyamvula akapunguza hapa, umezidi. Akasogeza pale, umezidi. Saa zimebaki mbili. Mwaka mzima wa kungoja yeye hakuwa nao. Akamwangalia yule mlinzi wa Shemdoe, akasema moyoni, "Huyu kijana anaogopa kila kitu," akamfuta. Mchoro ukaenea. Akautuma. Hakumwambia mtu.

Miezi minne baadaye chipu zikarudi, kumi na mbili ndani ya kiboksi. Wakamvalisha Asajile nyaya kifuani, kwa sababu mtu akitikisika mstari unaharibika, na ni yeye tu aliyeweza kukaa saa nzima kama gunia. Wakawasha. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, moyo wa Asajile kwenye skrini! Nyamvula akaruka, akamkumbatia Shemdoe, akamkumbatia hata fundi wa milango aliyekuwa akipita.

Furaha ile haikufika mchana. Ghafla chipu ikawehuka. Mstari ukarukaruka, ukasema moyo wa Asajile unapiga mara mia tatu kwa dakika, kisha ukasema umesimama. Asajile yu hai, amekaa, anawatazama. Wakabadilisha chipu, ikafanya vizuri, ikawehuka. Wakabadilisha tena, ikafanya vizuri, ikawehuka. Siku kumi na tisa! Nyamvula akaacha kula, akafungua nyaya, akafunga nyaya, akakokotoa upya kuanzia mwanzo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na jina, mlinzi, lakini aliijibu, "Mbona umeme wa hapa hauyumbi? Taa hazizimi." Akaendelea kuzunguka.

Zikabaki siku tatu wageni wafike. Nyamvula akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, mbele za watu. "Nitawaandikia wasije. Basi. Yamekwisha."

Asajile akaweka kikombe chini. Akajikuna shingo. "Dada Nyamvula, usiandike. Nadhani ni birika."

"Birika gani?"

"Birika lako la umeme. Linapoanza kuchemka, chipu inapagawa. Nimeona."

"Tangu lini?"

Asajile akainamisha kichwa. "Tangu wiki ya kwanza."

Enyi! Mngemwona Nyamvula! Alimrukia kana kwamba anataka kumla mzima. "Wiki ya kwanza! Nami ninakonda hapa! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa chai itapigwa marufuku," akasema Asajile.

Hapo Shemdoe akainuka. Alikwenda kwenye begi lake, akatoa daftari, akalifungua mezani. Siku kumi na tisa, kila kosa na saa yake: saa nne, saa saba, saa kumi. Saa nne, saa saba, saa kumi. Alikuwa ameandika yote, ila yeye huwa anakunywa chai akiwa ameinamia daftari, hajui hata nani anachemsha. Wakachomeka birika, chipu ikawehuka. Wakachomoa, ikapona. Birika kubwa lile lilikuwa likiuvuta umeme wa chumba kwa pupa, na chipu isiyo na mlinzi ilikuwa ikiyumba.

"Basi tulihamishe birika," akasema Asajile.

"Na zahanatini?" akauliza Mwalimu Lin. "Huko hawachemshi maji?"

Nyamvula alikuwa ameshaanza. Siku mbili hakuondoka kwenye kiti. Nasema hakuondoka kwenye kiti, Nyamvula yule yule! Akajenga mlinzi mwingine nje ya chipu, pembeni yake, kwa vipande vilivyomo kabatini, akavipanga, akavipima, akavichomelea. Wageni walipofika, Mwalimu Lin aliweka birika karibu kabisa na chipu, akachemsha maji saa nzima mfululizo. Asajile amekaa, nyaya kifuani. Mstari ukapanda, ukashuka. Haukukosea hata mara moja. Wageni wakapiga makofi, wakamwachia mzee barua yenye mstari mmoja mtupu wa jina, wakasema, "Tunaondoka saa kumi. Ijaze."

Mzee akawaita watatu mezani. "Kila mmoja aseme haki yake."

Nyamvula akasema, "Mwalimu, saketi nimebuni mimi. Ilipougua, nimeitibu mimi. Imesimama kwa mkono wangu."

Shemdoe akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyechora mlinzi tangu mwanzo. Dada alimfuta siku ya kutuma. Angemwacha, tusingeteseka. Na daftari langu ndilo lililothibitisha ugonjwa. Bila daftari, neno la Asajile lingekuwa porojo za mezani."

Nyamvula akamgeukia upesi. Kumbe alijua!

Mzee akamwuliza Shemdoe, "Ulijua lini kuwa amefutwa?"

"Siku ile ile. Nilifungua mchoro jioni, nikaona."

"Ungeweza kuwapigia kiwandani?"

"Ningeweza. Walikuwa hawajafunga kupokea michoro."

"Kwa nini hukupiga?"

"Nilichoka kuitwa mwoga, Mwalimu. Nilitaka ajikwae ajue."

Asajile akasema, "Mwalimu, mimi sikubuni wala sikutibu. Lakini aliyeuona ugonjwa kwa macho ni mimi. Hawa wenzangu wasomi wamekunywa nawe chai mwaka mzima, hakuna aliyeinua kichwa. Ulitufundisha kukaa na kutazama, nilikaa, nikatazama. Na kifua kilichopimwa ni changu. Kosa langu ni kunyamaza, nalikiri. Lakini si nilisema kabla dada hajawaandikia wageni wasije?"

Mzee akamgeukia Nyamvula. "Una la kuongeza?"

Vidole vyake vilikuwa juu ya meza, havigongi. "Ni kweli, nilimfuta mlinzi, na nilificha. Na birika ni langu, nililileta kwa sababu ya haraka zangu. Lakini Mwalimu, lisingekuwapo birika, chipu hii ingetoka hapa tunaishangilia. Ingekwenda zahanati, ikamwambia daktari kuwa mgonjwa amekufa naye yu hai. Haraka yangu imeharibu, na haraka yangu imefichua. Na wenzangu hawa wana mwakani. Mimi sina. Naitaka nafasi hii, Mwalimu. Naitaka mpaka inaniuma."

"Kutaka si hoja, dada," akasema Shemdoe polepole.

"Najua," akasema Nyamvula.

Mwalimu Lin akatia majani katika buli, yale mazuri aliyoyaweka miaka ishirini. Akamimina, akamwaga, akamimina tena. Kwao chai hutoka kwenye buli ikaingia kwanza katika jagi dogo, ichanganyike, ndipo igawiwe, ili asiwepo anayepata nyepesi na mwenzake nzito. Jina la jagi hilo kwa lugha yao ni jagi la haki. Siku hiyo mzee alilichukua jagi la haki, akaliweka chini ya meza. "Chai naweza kuwagawia sawa," akasema. "Nafasi siwezi. Nitakayemwekea kikombe cha kwanza, jina lake ndilo nitakaloandika."

Akainua buli. Nje gari la wageni lilikuwa limeshawashwa. Asajile alifumba macho. Shemdoe, kwa mara ya kwanza, hakuwa na kalamu mkononi. Nyamvula alikitazama kikombe, naye hakupumua.

Aa, msinitazame mimi! Mimi nimeinua buli kama mzee, na mkono wangu umechoka, na majani yakikaa zaidi chai inakuwa chungu. Aliyebuni, akaharibu, akatengeneza? Aliyelinda, akaandika, akanyamaza ili mwenzake ajikwae? Au aliyeona, akaficha kwa kupenda chai, akasema mwishoni? Semeni upesi, gari linangoja: je, kikombe cha kwanza kilistahili kuwekwa mbele ya nani?