Jina Moja Juu ya Habari

Nina kesi mkononi na imenishinda. Nawakabidhi nyinyi, wakubwa kwa wadogo, ila kabla hamjaipokea mjue kwamba mimi mwenyewe simwamini hata mmoja wa watu waliomo.

Walikuwa watatu. Walimaliza chuo kikuu mwaka mmoja, wakaenda kujitolea katika jarida moja la Morogoro. Lusajo alijaliwa mdomo mtamu: akikaa na mtu dakika tano, mtu anamwaga yote. Kokuteta alijaliwa jicho: karatasi uliyoisoma wewe mara tatu, yeye anaona kosa mara ya kwanza. Zamoyoni alijaliwa kalamu. Akiandika yeye, hata habari ya mkutano wa kata unaisoma mpaka mwisho.

Mhariri wao, Bi Semkiwa, aliwaambia siku ya kwanza, "Nafasi ya ajira ni moja. Na hapa kwetu habari ya jaladani huwekwa jina moja tu. Baada ya miezi mitatu, jina litakalokaa pale ndilo litakalopata mkataba."

Tangu hapo ofisi ikaharibika. Lusajo akiongea na simu, anafunika mdomo kwa kiganja. Kokuteta anaenda chooni na mkoba wake. Zamoyoni akisikia hatua za mtu, anafunga kompyuta. Na bado kila asubuhi walisalimiana kwa bashasha, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko yote.

Basi mjini kulikuwa na kiwanda cha maji ya chupa, kilichojinadi kwamba maji yake yanatoka kwenye chemchemi ya mlimani.

Lusajo alikwenda kwenye maegesho ya malori ya kiwanda, akajifanya anatafuta kazi ya kupakia mizigo. Siku ya nne dereva mmoja akamwambia, "Mlimani wapi, mdogo wangu? Tunajaza kwenye kisima nyuma ya gereji." Siri akaipata. Ushahidi hakuwa nao, na alikuwa amemdanganya mtu aliyemwamini.

Kokuteta alikwenda mapokezi ya kiwanda, akapiga picha ya cheti cha vipimo kilichobandikwa ukutani. Tarehe yake ilikuwa ya sikukuu ya Idd, siku ambayo maabara iliyokitoa ilikuwa imefungwa. Ushahidi akaupata, ila maji yanakotoka hakukujua. Akaichapa picha ile, akakaa nayo mkobani wiki tatu kwa kuogopa kuibiwa, na wiki hizo zote watu wanakunywa.

Zamoyoni hakwenda popote. Alikuta nakala ya cheti aliyoisahau Kokuteta kwenye mashine ya fotokopi, na daftari la Lusajo liko wazi mezani. Akaviunganisha, kisha akampigia simu mwenye kiwanda na kumbana kwa maswali, hadi yule bwana akababaika na kukiri. Akaiandika habari kwa siku moja.

Bi Semkiwa aliisoma akiwa amesimama, mbele yao wote watatu. Alipomaliza akamuuliza Zamoyoni, "Habari za kisima umezitoa wapi?"

"Kwenye daftari langu," alijibu Lusajo. "Kalisoma."

"Uliliacha wazi."

"Nilikwenda kunawa mikono, Zamoyoni. Dakika mbili."

Kokuteta naye akasema, "Na cheti ni changu."

"Kingekaa kwenye mkoba wako mpaka lini, dada?" Zamoyoni aliuliza. "Mpaka mtoto wa nani aumwe?"

Lusajo akapendekeza yawekwe majina matatu.

"Halafu mkataba niukate vipande vitatu?" Bi Semkiwa alivua miwani. "Mmoja kadanganya, mmoja kaficha, mmoja kachungulia. Na nikimwondoa yeyote kati yenu, habari hii haipo."

Mtambo wa uchapaji unasubiri, na juu ya habari pana nafasi ya jina moja. Nimejaribu kumpa Lusajo, nikamfikiria yule dereva siku atakapolisoma jarida. Nikataka kumpa Kokuteta, nikakumbuka wiki tatu. Zamoyoni nilimkataa kwa hasira, halafu nikajiuliza kama wale wawili wangewahi kuyatoa waliyoyajua bila yeye. Nimechoka.

Sasa kalamu nawapa nyinyi. Wewe uliyekaa hapo kimya, ungemwandika nani? Na siku huyo uliyemwandika atakapokuletea habari yake ya pili, utaiamini?